Harusi kwa Betri Moja

Mwaka wa 2008, mvua za masika zilipoanza, nilikuwa na vitu viwili visivyolingana: laptop kuukuu ambayo betri yake haikufikisha saa moja, na diski ya harusi ya mdogo wangu iliyochukua saa moja na nusu. Mtu wa kuitazama diski hiyo alikuwa mama yetu, na mama aliishi shambani, juu kule kuelekea Molo, kwenye nyumba isiyo na umeme.

Tangu Januari mama alikuwa hapokei simu za mdogo wangu. Binti yake alikuwa ameolewa Uingereza mwezi uleule ambao yeye mama alikuwa akilala kwenye uwanja wa kanisa pamoja na majirani, kwa ajili ya ghasia za baada ya uchaguzi, wakiogopa kurudi nyumbani. Siku ya harusi ilikuwa imepangwa kitambo, ukumbi ulikuwa umelipiwa, na kibali cha mdogo wangu cha kukaa kule hakikungoja mambo ya Kenya yatulie. Alinipigia akilia, akaniuliza aahirishe au asiahirishe. Nilimwambia aolewe. Mama alichojua ni kimoja tu: watu walicheza dansi siku ambazo yeye alikuwa akichemsha maji kwenye mkebe wa rangi.

Machi alirudi shambani kupanda viazi. Nilipomtembelea na kulitaja jina la mdogo wangu, aliendelea kuchagua mbegu.

"Huyo bado hajaolewa," akasema. "Mimi sijaona harusi yoyote. Wewe umeona?"

Nikamwambia sijaona.

"Basi."

Nilirudi Nakuru na hilo neno likinizunguka kichwani. Kama shida ni kuona, aone. Nilimwandikia mdogo wangu atume diski. Ilifika kwa posta baada ya wiki kadhaa, na tangu siku hiyo alikuwa akinipigia karibu kila jioni kuuliza swali moja: ameiona? Nilianza kuogopa mlio wa simu yangu mwenyewe.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye duka moja karibu na Bondeni. Mwenye duka alikuwa mzee Mhindi aliyezaliwa papo hapo Nakuru, kama baba yake kabla yake, na wote tulimwita Boss. Yeye aliniita Fundi, na akikasirika aliniita Madam Fundi. Siku hizo mji ulikuwa umenyamaza lakini haujatulia. Tairi likipasuka barabarani, kila mtu dukani aliinua kichwa, akangoja, kisha akarudi kazini. Tulikuwa tukifunga mapema. Nikifika nyumbani, mtaa wa Section 58, nilikuwa siwezi kukaa kitako. Nafagia sakafu iliyofagiliwa, nafungua laptop, naifunga.

Boss alinitafutia betri mpya hadi Nairobi, akaambiwa modeli hiyo haiji tena. Nikafikiria betri ya gari, kama ile ya jirani wa mama aliyekuwa na televisheni ndogo ambayo kijiji kizima kilienda kuangalia taarifa ya habari. Lakini jirani huyo alikuwa ameondoka Januari na vyombo vyake, na hakuna aliyejua kama atarudi. Kupanda kule na betri ya gari mapajani, kwenye barabara ambayo watu walikuwa bado wanasimamishwa na kukaguliwa, sikutaka. Ilibaki laptop na ule umeme kidogo uliokuwa ndani yake. Ikabidi niufundishe kwenda mbali.

Ngoja nieleze nilichofanya. Usiogope, si jambo gumu, na ukilielewa mara moja halikutoki tena.

Ndani ya laptop kuna chipu inayofanya hesabu zote, tunaiita prosesa. Mfikirie mtu anayepasua kuni. Kuna mambo mawili ya kuangalia: anapiga shoka mara ngapi, na analiinua juu kiasi gani kabla ya kulishusha. Mara ngapi, hiyo ndiyo kasi ya prosesa. Juu kiasi gani, hiyo ndiyo volteji, yaani msukumo wa umeme unaoingia kwa kila pigo. Ukimwambia apige polepole, atachoka kidogo, lakini kuni nazo zitachelewa. Ukimwambia asiinue shoka juu sana, kuni ni zilezile, muda ni uleule, na jasho linapungua. Tena linapungua kuliko unavyodhani, kwa sababu ukishusha volteji kidogo, umeme unaoliwa unashuka karibu maradufu ya hapo.

Utaniuliza, kwa nini basi kiwandani wasiweke volteji ya chini tangu mwanzo? Kwa sababu chipu hazifanani. Zimetoka kwenye mtambo mmoja lakini nyingine ni laini na nyingine ni kama gogo lenye vifundo. Hakuna mwenye muda wa kuipima kila moja, kwa hiyo wanaziwekea zote msukumo utakaoitosha hata iliyo mbaya kuliko zote. Yako ikiwa nzuri, kila siku inainua shoka hadi mawinguni kupasua kijiti. Kuna programu ndogo ya bure, niliipakua kwenye saiberi, kibanda cha intaneti, inayokuonyesha kila mwendo wa prosesa na volteji yake, na inakuruhusu kuishusha. Unashusha hatua moja, unaipa mashine kazi nzito, unangoja. Ikivumilia, unashusha tena. Ukifika mahali shoka linakwama, skrini inaganda au inageuka bluu. Hapo unazima, unawasha, unapanda hatua mbili, na unakaa hapo. Haichomi kitu. Kupandisha ndiko kunakochoma.

Boss hakuamini hilo la mwisho.

"Madam Fundi, hiyo mashini imekukosea nini?"

"Naipunguzia umeme, Boss."

"Hata stima wa Kenya ametupunguzia vya kutosha. Wewe unaongeza?"

Lakini alivuta kiti akakaa, na kila skrini ilipoganda alipiga ulimi kana kwamba ni gari lake. Kwa kazi nzito nilitumia harusi yenyewe, nikiicheza tangu mwanzo huku programu nyingine ikipiga hesabu chini yake, kwa muda ambao ungeivisha sufuria ya maharagwe. Nikaihamisha harusi kutoka kwenye diski hadi ndani ya mashine, ili ule mtambo wa kuzungusha diski usile umeme. Nikazima kila kitu kisichohitajika. Nikaiwekea prosesa mpaka, isipite mwendo wa katikati, maana picha hazikuhitaji zaidi ya huo. Skrini nikaififisha kiasi. Siku ambayo harusi ilifika mwisho na betri ikabakiwa na ncha tu, niliruka. Boss akaangalia saa, akasema nipewe ruhusa ya Ijumaa kabla hajabadilisha mawazo.

Nilipata lifti kwenye lori lililokuwa likipanda kuchukua viazi. Laptop niliifunga kwenye sweta, sweta ndani ya begi, begi kifuani. Tulipopita Sachangwan dereva alifunga dirisha kwa baridi, akaniuliza nimebeba mtoto gani asiyelia. Nilicheka lakini macho yangu yalikuwa barabarani. Kulikuwa na nyumba pale nilizozijua ambazo sasa zilikuwa kuta tu, na katikati ya kuta magugu mabichi yameota vizuri. Nilikuwa nimeahidi kurudi mjini siku hiyohiyo kabla ya giza. Lori lingepita kunichukua alasiri.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kufika, kunywa chai, kumkalisha mama kwenye kiti, kuwasha, kumaliza. Mama na mimi, basi.

Mama aliisikiliza hesabu hiyo hadi mwisho. Kisha akafuta mikono kwenye leso.

"Harusi ya watu wawili?" akasema. "Hiyo ni kesi."

Akatoka akaenda uani kuita. Nilikuwa nimesahau, au mji ulikuwa umenisahaulisha, jinsi harusi inavyokuwa kwetu. Haihesabiki mpaka iwe imeonwa na kina mama ambao wangeipikia: wale wanaomenya viazi tangu alfajiri, wanaosukuma chapati, wanaojua kila ukoo na kila ugomvi. Wasipokuwepo, ni sherehe tu ya watoto. Wakaja sita au saba, na magamboti ya matope mlangoni, wengine na vitambaa vya kichwa vya Jumapili. Wawili walikuwa wamelala na mama kwenye uwanja wa kanisa. Mmoja alibeba sinia la chapati, akisema hatuwezi kukaa harusini na mikono mitupu.

Ikafuata chai. Ikafuata sala, na aliyeomba aliwaombea bwana na bibi harusi, akaombea barabara, akaombea mvua, akaombea pia mashine. Mimi jicho lilikuwa kwenye dirisha. Mwishowe nikawasha, na mdogo wangu akatokea kwenye skrini akishuka garini na shela lake, na nyuma yake mvua nyembamba ya kule.

Mama akasogeza kiti chake karibu. Wale wengine ndio waliosema. Walitaka nisimamishe wamwone vizuri. Nikasimamisha. Wakainuka, wakamwimbia wimbo wa kumtoa nyumbani, ubeti baada ya ubeti, na vigelegele juu yake, kama vile amesimama mlangoni anangoja. Nilifurahi na kuteseka kwa pamoja. Prosesa haikunitia wasiwasi, maana ikisimamishwa inashuka yenyewe hadi mwendo wa chini kabisa na haili karibu chochote. Skrini ndiyo inayoendelea kula, hata mkiimba. Kila walipoimba nilikuwa naikunja nusu, naikunjua.

Tulikuwa tumevuka theluthi moja, kwaya ikiimba kanisani, shangazi alipoingia.

Huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba, na alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya bonde. Kwetu shangazi ndiye anayempokea bibi harusi; bila yeye hakuna aliyepokewa. Alipewa kiti cha mbele. Akanipa mkono, akaniangalia kuanzia juu hadi chini.

"Na wewe mkubwa wake? Umeolewa na hii kompyuta?"

"Bado tunazungumza, shangazi."

Wakacheka. Kisha mama, bila kunigeukia, akasema nirudishe mwanzo.

Nikamwambia haiwezekani. Nilimweleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wateja, kwamba betri ina kiasi fulani, kwamba tumetumia karibu nusu, kwamba tukianza upya hatutafika kwenye keki, na maneno ya binti yake mwenyewe yako baada ya keki. Nikapendekeza turuke mahubiri. Wakaguna kwa pamoja. Nikapendekeza nimwonyeshe shangazi mwisho kwanza.

"Harusi inaanzia kwa keki?" mama akauliza.

"Mama, itazima."

"Ikizima imezima. Shangazi yake hawezi kumkuta tayari kanisani."

Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hapo nikaelewa kitu. Alikuwa anaitendea ile harusi kama harusi. Kama angekuwa bado hajaikubali, shangazi angekaa hapo alipokaa na mambo yangeendelea. Lakini mama hakuwa amefika bado kwenye kumsamehe binti yake. Alikuwa njiani, na kama mashine ingezima katikati, angebaki njiani, na mimi sikujua ni lini tena ningempata kwenye kile kiti.

Nikarudisha mwanzo. Nikaifungua ile programu na kuushusha mpaka wa prosesa ngazi moja zaidi chini, mahali ambapo sikuwahi kuijaribu harusi. Volteji sikuigusa. Hapo ndipo ungeshawishika kushusha tena, na hapo ndipo mashine inaganda na kukulazimisha kuiwasha upya, na kuwasha kunakula umeme kuliko ulichookoa. Kisha nikafifisha skrini hadi mwisho wake. Mchana ule hakuna mtu angeona kitu, kwa hiyo nikawaomba wazibe madirisha. Wakavua leso zao wakazitundika, mmoja akasimama mlangoni na blanketi. Nyumba ikawa giza la kijani na la manjano, na kile kioo kidogo kikawaka katikati yetu kama makaa.

Tukamwona tena akishuka garini. Shangazi akampokea. Sitaeleza yote aliyofanya. Alisimama, akaongea naye, akamfunika kwa mkono. Wimbo ukaimbwa tena, lakini safari hii mama aliwaambia waimbe huku picha inaenda.

Ile ngazi ya chini ilikuwa ndogo kidogo kwa kazi ile. Sauti ilikwenda sawa, picha ikawa inakwamakwama.

"Mbona pasta anatetemeka?"

"Ni baridi ya Ulaya."

"Hapana, ameona yule kijana anayeoa."

Mimi nilikaa sakafuni ubavuni mwa meza, naangalia ile namba ya pembeni ikishuka. Sikumbuki mahubiri. Nakumbuka mlio wa lori la kwanza barabarani, nikainuka nusu, halikuwa letu. Nakumbuka mama akijua kila mtu: huyo ni rafiki yake wa chuo, huyo ni yule aliyempokea uwanja wa ndege. Nikashangaa amejuaje. Kabla ya Januari walikuwa wakizungumza kila Jumapili.

Keki ikakatwa. Namba ilikuwa imeingia kwenye wekundu. Mdogo wangu akapewa maikrofoni, akaomba muziki uzimwe, akaanza kuzungumza kwa lugha ya nyumbani, huku wageni wa kule wakitabasamu bila kuelewa. Alisema chakula cha siku hiyo kilipikwa na watu wa kukodiwa. Alisema chapati zilikuwa ngumu, na akawataja wanaojua kupika chapati, mmoja baada ya mwingine, wanawake wale wale waliokuwa wamekaa gizani na mimi. Akawaomba radhi kwamba amekula harusi ambayo hawakuipika. Aliyetajwa wa kwanza akajibu "eeh," kama mtu aliyeitwa mlangoni. Wa pili akaanza kulia. Yule wa sinia akasema kumbe wale watu hata chapati hawajui, na kilio na kicheko vikachanganyika.

Kisha mdogo wangu akavuta pumzi.

"Mama," akasema. "Kuna kitu nilitaka—"

Mama akanyoosha mkono, akakunja laptop. Aliikunja taratibu, kwa vidole viwili, kama anavyofunika sufuria isipoteze mvuke.

Nilimwambia umeme bado upo, kidogo lakini unatosha, kwamba yamebaki maneno machache tu. Nilijua yamebaki machache kwa sababu nilikuwa nimeyasikia dukani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

"Imetosha," akasema. "Hayo aniambie mwenyewe. Mtu hawezi kuambiwa maneno kama hayo na mashini."

Leso zikateremshwa, mwanga ukaingia, wote tukafinya macho. Shangazi akaomba chai nyingine. Mama alikuwa tayari anavaa magamboti. Pale kwetu simu haishiki mtandao ndani ya nyumba. Ni lazima upande hadi karibu na josho la ng'ombe. Tukapanda, yeye mbele, mimi nyuma na begi kifuani kwa mazoea, matope yakitushika miguu. Njiani aliniuliza jambo moja tu, kama kule saa hii watu wako kazini. Nikamwambia ni Ijumaa, lakini atapokea.

Nilibonyeza namba, nikampa. Iliita mara moja. Mdogo wangu alidhani ni mimi, nilimsikia akiuliza swali lake la kila jioni: ameiona?

Mama akaigeuza simu, akaitazama, akairudisha sikioni.

"Mbona umekonda namna hiyo?" akasema. "Huyo mume wako hakulishi?"

Lori lilikuwa linapiga honi kule chini. Nikamfanyia dereva ishara ya mkono, angoje.